Meza Nzima Kiganjani

Chukua meza ya pool ya mashindano, ile ya futi 9. Sehemu ya kuchezea, kutoka ukingo hadi ukingo, ina urefu wa inchi 100 na upana wa inchi 50. Mpira mmoja una kipenyo cha inchi 2.25. Gawanya, utaona kwamba mipira 44 ikipangwa mstari inakaribia kuumaliza urefu wote. Sasa chukua Game Boy, mashine ya gemu ya mkononi ambayo Nintendo waliitoa Japani mwaka 1989. Kioo chake kina nukta 160 kwa upana na 144 kwa kimo. Ukiitandaza meza ile kioo kizima, bila kuacha hata nafasi ya kingo, kila mpira utaambulia nukta tatu na nusu hivi.

Nukta tatu na nusu si mpira, ni alama ya nzi ukutani. Isitoshe, Game Boy ya kwanza haikuwa na rangi. Ilikuwa na vivuli vinne tu vya kijani kilichopauka, kwa hiyo mpira mwekundu na wa bluu huwezi kuitenganisha kwa kutazama. Lazima iandikwe namba, na namba inayosomeka inataka nafasi. Mtengenezaji wa gemu hana budi kuuvimbisha mpira ufike nukta nane au karibu na hapo. Ukivimba mpira, shimo nalo lazima lipanuke, na meza iliyokuwa na urefu wa mipira 44 inabaki na urefu usiozidi mipira 20. Tayari ameshadanganya, na mchezo haujaanza. Ninachokihusudu mimi ni namna anavyochagua cha kudanganya na cha kuacha kama kilivyo.

Data East, kampuni ya Kijapani, ilitoa gemu la pool liitwalo Side Pocket mwaka 1986 kwa ajili ya mashine kubwa za kwenye kumbi za michezo, na mwaka 1990 gemu hilo likaingia kwenye Game Boy. Yeyote anayeandika gemu la namna hii kwa mashine ile anakabiliana na kichwa kidogo cha hesabu: prosesa ya megahezi 4.19 ambayo haina amri ya kuzidisha wala ya kugawanya. Inajua kujumlisha, kutoa, kusogeza tarakimu, basi.

Na pool haichezeki bila kuzidisha. Mipira miwili ya uzito sawa ikigongana, ule uliogongwa unafuata mstari unaounganisha vitovu vya mipira hiyo. Uliogonga, kama ulikuwa unateleza bila kuviringika, unachepuka kwa pembe ya nyuzi 90 na njia ya mwenzake. Kwa hiyo kasi ya mpira mweupe inapasuliwa sehemu mbili: iliyo kwenye mstari ule inakabidhiwa kwa mwenzake, iliyo kwa nyuzi 90 na mstari huo inabaki kwake. Kupasua huko kunataka sini na kosini. Mashine haiwezi kuzikokotoa kwa wakati, hivyo majibu yanapikwa mapema na kuhifadhiwa kwenye kaseti ya gemu kama jedwali. Prosesa inafungua jedwali, inachukua jibu, inaendelea na safari.

Halafu kuna sehemu za nukta. Mpira hauwezi kuchorwa katikati ya nukta mbili, lakini unaweza kuwa hapo. Dawa yake ni kuuandikia mpira namba mbili: ya kwanza inasema uko nukta ya ngapi, ya pili inasema umekwisha sogea sehemu ngapi kati ya 256 kuelekea nukta inayofuata. Macho yanaona namba ya kwanza tu. Tazama mpira unaokaribia kufa mdomoni mwa shimo: umesimama, umesimama, unataka kutukana, mara unaruka nukta moja na kutumbukia. Haukuwa umesimama. Ulikuwa ukitambaa ndani ya sehemu zile 256, na moyo wako ukitambaa nao.

Mipira 15 na mweupe wake ni mipira 16, yaani jozi 120 za kukaguliwa kama zimegusana. Kioo kinachorwa upya karibu mara 60 kwa sekunde. Anayekagua kila jozi katika kila mchoro ana ukaguzi zaidi ya 7,000 kwa sekunde, na hapo hajasogeza kitu. Mpira wa kasi nao una matata yake: katika mchoro mmoja uko upande huu wa mwenzake, katika mchoro unaofuata umeshampita bila kumgusa, kama jini. Inabidi mwendo wake ukatwe vipande vifupi, na kila kipande kinadai ukaguzi wake. Mchezo wa mipira tisa unapunguza mzigo, maana pamoja na mweupe jozi ni 45 tu. Tena Game Boy haiwezi kuonyesha zaidi ya vipande 10 vya picha zinazotembea kwenye mstari mmoja wa kioo. Ukitumia kipande kimoja kwa kila mpira, tisa na mweupe inatosha barabara.

Mfaransa Gaspard-Gustave de Coriolis aliandika kitabu kizima juu ya hisabati ya biliadi mwaka 1835, na sehemu ngumu ni mzunguko: mpira mweupe ukipigwa chini ya kitovu unarudi nyuma ukishagonga mwenzake, ukipigwa juu unamfuata. Mezani hilo linataka chaki, mkono uliotulia na miaka ya mazoezi. Kiganjani unasogeza alama juu ya picha ya mpira mweupe, unausubiri mstari wa nguvu upande, unabonyeza. Wapo wanaodharau kidole gumba hicho. Waache. Kuamua mpira mweupe usimame wapi kwa ajili ya pigo linalofuata ni kazi ya kichwa, na kazi hiyo haikupunguzwa hata chembe. Aliyezoea meza fupi za baa zetu atajikuta yuko nyumbani, maana kwenye meza fupi mipira inazibana njia na kupanga kunashinda nguvu.

Gemu la pool la Hustle Kings lilipokuja kwenye PlayStation Vita, mashine nyingine ya mkononi, mwaka 2012, kioo kilikuwa cha nukta 960 kwa 544. Kwa kipimo cha kweli mpira ungepata nukta 21 na ushei. Kung'aa kilikuwa kinang'aa, na sina ugomvi nacho. Lakini pale nguvu za mashine zilikuwepo tele, na mimi namheshimu zaidi aliyeipata pembe sahihi akiwa hana amri ya kuzidisha.

Wewe unayejifunza kuandika programu leo, jaribu kitu kimoja: mipira miwili, meza tupu, namba kamili peke yake, bila kuazima injini ya fizikia ya mtu. Ukifika mahali ambapo pigo linalogonga nusu tu ya mpira linachepuka kama linavyochepuka mezani, ongeza wa tatu.