Santuri ya Papo kwa Papo: Jinsi Kibanda cha Voice-O-Graph Kilivyorekodi Sauti

Voice-O-Graph ni kibanda cha kujirekodi kilichotengenezwa Marekani na kampuni ya International Mutoscope kuanzia miaka ya 1940. Kilikuwa na ukubwa wa kibanda cha simu, na kiliwekwa katika viwanja vya burudani, vituo vya usafiri na hata juu ya jengo la Empire State jijini New York. Mteja alijifungia ndani, akatumbukiza senti 35, akazungumza au kuimba kwa sekunde 65 hivi, kisha akaondoka na santuri ya sauti yake.

Kazi ya fundi mitambo ilifanywa na mashine yenyewe. Taa ilipomwashiria mteja aanze, maikrofoni iligeuza sauti kuwa mkondo wa umeme, amplifaya ikaukuza, na mkondo huo ukaitikisa sindano ya kurekodia kushoto na kulia juu ya santuri tupu inayozunguka. Skrubu ndefu iliisogeza sindano kidogo kidogo ili mfuo mmoja usiingiliane na mwingine. Kwa kasi ya mizunguko 78 kwa dakika, sekunde 65 ni takriban mizunguko 84, yote ikibanana kwenye santuri yenye kipenyo cha sentimita 15 hivi.

Vibanda vya kujirekodi vilivyotangulia, vya miaka ya 1930, vilitumia santuri za alumini. Humo sindano haikuondoa chembe yoyote, bali ilikandamiza metali hadi ikaacha mfuo. Sauti ilitoka hafifu, tena sindano ya chuma iliuharibu mfuo huo haraka, hivyo ilishauriwa kutumia sindano za mianzi au miiba. Voice-O-Graph ilitumia kadibodi iliyopakwa laka: nyepesi, rahisi na yenye kutoshea kwenye bahasha. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Pepsi-Cola iligharamia wanajeshi kuwatumia jamaa zao salamu za sauti kwa santuri za namna hii.

Tofauti kubwa na santuri za dukani ni kwamba hapa hapakuwa na kalibu ya kutolea nakala. Santuri iliyorekodiwa ndiyo hiyohiyo iliyochezwa, na kila ilipochezwa sindano nzito za gramafoni za zamani ziliukwangua mfuo. Unyevu nao huipinda kadibodi, na laka hupasuka na kubanduka.

Kwa hiyo, kuhamishia sauti za santuri hizi kwenye kompyuta huhitaji sindano nyepesi na kasi sahihi. Kwa zile zilizopasuka, ipo mbinu ya IRENE, iliyobuniwa na Carl Haber na wenzake katika maabara ya Lawrence Berkeley: kamera hupiga picha za mfuo bila kuugusa, kisha kompyuta hukokotoa mwendo ambao sindano ingeufuata. Juhudi hiyo inastahili, kwani sauti nyingi za watu hawa wa kawaida hazikuhifadhiwa mahali pengine popote.