Jeshi lisilokula: maneno yangu juu ya michezo ya vita ya kihistoria

Wandugu, mchezo wa vita ukijiita wa kihistoria, mimi naupima kwa swali moja: askari wake wanakula wapi? Mtasema hilo ni swali la agronomu, na ni kweli, juu ndiyo licence niliyosomea. Lakini hapa Goma hata mtu ambaye hakukanyaga auditoire anaelewa. Barabara ya Rutshuru ikifungwa, ao Masisi ikiwaka, maharagi na viazi vinapanda bei kwenye soko la Virunga mbele ya sisi kusikia mlio wa risasi. Vita inaanza kufika kwenye sufuria.

Hapa Murara vijana wanacheza sana Age of Empires II, kurani ikikuwepo, kwenye mashini za zamani ambazo haziwezi kubeba michezo mipya. Sisemi waache. Mimi pia nacheza. Ni mchezo uliotoka mwaka 1999, ukatengenezwa upya mwaka 2019, na bado watu hawajauchoka. Kuna sababu.

Sababu ya kwanza: unaheshimu mkulima kuliko tunavyozoea. Kila mkulima anagharimu chakula 50. Shamba linagharimu mbao 60, linatoa chakula 175, kisha linachoka, unatoa tena mbao 60 kulipanda upya. Ukiwa na kinu unaweza kununua maarifa ya jembe zito, na baadaye mzunguko wa mazao, halafu shamba linatoa zaidi. Kwa kawaida watu wako wote hawapiti 200, wakulima na askari pamoja. Mchezaji mzuri anaweka wakulima 100 na zaidi. Yaani nusu ya taifa iko shambani ili nusu ingine ishike mkuki. Na adui mwenye akili haanzi kupiga ngome yako. Anatuma wapanda farasi wachache wakauwe watu wako shambani. Nani hapa Kivu atasema hiyo ni uongo?

Lakini angalia kinachofuata. Askari akishatoka kwenye kambi, hali tena. Mpanda farasi anagharimu chakula 60 na dhahabu 75, unalipa mara moja, basi. Anaweza kusimama mlangoni kwa adui saa nzima, yeye na farasi wake, bila hata kiazi kimoja. Mashamba yako yote yakiungua, jeshi lililokwisha kuzaliwa halitetemeki. Hapo ndipo mchezo unaacha historia.

Mchezo mwingine, Cossacks, ulitengenezwa Ukraine na GSC Game World mwanzoni mwa miaka ya 2000, na unasimulia vita vya Ulaya vya karne ya 17 na ya 18. Huo unakuruhusu kuongoza maelfu ya askari kwa mara moja. Ili wajipange vizuri unahitaji ofisa na mpiga ngoma. Na hawa wanakula kila siku. Chakula kikiisha kwenye gala, wanaanza kufa kwa njaa wenyewe, bila adui. Bunduki zinakula chuma na makaa. Askari wa kukodi wanakula dhahabu, na siku dhahabu inaisha wanakugeuka. Kuna jambo ingine ambalo lilinishika zaidi: wakulima wasio na ulinzi hawauawi, wanatekwa. Askari wa adui akifika karibu nao, rangi yao inabadilika, wanaanza kumlimia yeye. Hakuna hotuba wala bendera. Jembe ni lile lile, shamba ni lile lile, ila mavuno yanaenda kwa mwingine. Kwa mtu aliyeona wakimbizi wa Masisi wakiacha mazao shambani, na wenye bunduki wakivuna, hicho kipande kidogo cha mchezo kinasema zaidi kuliko filamu nyingi.

Hata hivyo Cossacks nayo ina tundu: umbali. Chakula kikiingia galani kinakuwa tayari kwenye tumbo la askari aliye mwisho wa ramani. Hakuna anayekibeba. Na historia yetu, wandugu, ni historia ya wabebaji.

Mwaka 1914 Wajerumani walikamata kisiwa cha Idjwi, hapa ziwani. Mwaka 1916 Force Publique, chini ya Tombeur, ikavuka mpaka: Kigali tarehe 6 Mei, Tabora tarehe 19 Septemba. Vitabu vinataja majenerali na makoloneli. Lakini nyuma ya askari hao wapatao 10,000 na zaidi walikuwepo wapagazi wa Kongo, na hesabu inayotajwa ni kama 260,000. Upande wa Waingereza ilikuwa vile vile. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, wengi kwa magonjwa, njaa na uchovu. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimepata majina kutoka kwa Carrier Corps, kikosi cha wabeba mizigo.

Kwa nini watu wengi hivyo? Tufanye hesabu. Mpagazi anabeba kilo 25 hivi. Tuseme anakula kilo moja kwa siku. Akitembea siku 12 kwenda na 12 kurudi, amemaliza karibu mzigo wote yeye mwenyewe. Askari anabakiziwa kilo moja. Kwa hiyo jeshi linakula vijiji linavyopitia. Chukua askari 5,000, kilo moja kwa kila mtu, siku 120: tani 600. Tuseme mkulima wetu anavuna tani moja na nusu kwa hektari. Hiyo ni hektari 400, na hatujatoa mbegu wala chakula cha mwenye shamba na watoto wake.

Kuna ambao watanijibu: mchezo ni mchezo, nani anataka kuongoza wabeba mizigo? Lakini njaa ya Cossacks haikufukuza wachezaji, iliongeza akili. Na Age of Empires II imejaa mikokoteni ya biashara inayokwenda na kurudi kati ya masoko. Kama mkokoteni unaweza kubeba dhahabu, unaweza kubeba unga. Hapa kwetu wangeweka chukudu.

Tena, anayechaguliwa kuwa shujaa nalo ni jambo. Mwaka 2015 Age of Empires II iliongeza Waethiopia na Wamali, na hiyo iko vizuri. Lakini humo humo unapewa kumwongoza Francisco de Almeida, Mreno aliyepora Kilwa na Mombasa mwaka 1505. Msomaji wa Kiswahili anakaa upande gani wa hiyo skrini?

Nasema haya juu ya kitu ninachosikia kwenye vibanda vya chai. Kijana anachora mezani kwa kidole: peleka watu 5,000 Sake, wengine wapite milimani, kazi imekwisha. Anaongea vizuri, mpango wake ni mzuri. Lakini wale 5,000 wake hawali, hawachukui mbuzi ya mtu, hawalali darasani kwa watoto. Akijifunza vita kwa macho ya mshale wa kompyuta peke yake, kesho ataunga mkono yeyote mwenye ramani nzuri.

Hukumu yangu, basi. Age of Empires II ni mchezo bora wa kufundisha kupanga kazi na muda, upeni watoto. Cossacks una picha za zamani na unachosha macho, ila kwa kuongoza jeshi kubwa unasema ukweli zaidi. Mchezo wa wapagazi wa 1916 bado unangojea mtengenezaji. Wenye wazee waliosikia habari za wale wabebaji kutoka kwa baba zao, waulizeni, muandike hapa. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza, hata kabla ya kompyuta.