Mcheko Mahali pa Machozi: Filamu ya Out of Africa na Watazamaji wa Kitale na Bungoma

Filamu ya Out of Africa, iliyoongozwa na Sydney Pollack na kutolewa mwaka 1985, ilikusudiwa iwalize watu. Yasimulia mapenzi ya Karen Blixen, mwanamke wa Denmark aliyelima kahawa karibu na Ngong tangu 1914 hadi 1931, na Denys Finch Hatton, mwindaji Mwingereza. Ilipata tuzo 7 za Oscar. Hata hivyo, ikionyeshwa katika kibanda cha video cha Kitale au Bungoma, ni vigumu mtazamaji aimalize bila kucheka, tena pale pale alipotegewa machozi.

Maelezo ya haraka ni kwamba watazamaji hao hawakielewi Kiingereza, au hawajazoea mahaba ya kizungu. Maelezo hayo hayafai. Baada ya mwaka 1919, serikali ya kikoloni ilipowagawia mashamba ya Trans Nzoia wanajeshi wazungu waliotoka vitani, Babukusu wengi wa upande wa Bungoma walikwenda huko kufanya kazi: wakalima mahindi, wakakama ng'ombe, wakapika, wakafua. Nyumba ya setla, ambayo kwa mtazamaji wa London ni mandhari ya ndoto, kwa wajukuu wa watu hao ni mahali pa kazi palipokwisha kusimuliwa nyumbani, tena kutoka upande wa jikoni. Wao huiingia filamu kwa mlango wa nyuma.

Mfano ulio bora ni onyesho la kuoshwa nywele. Wapenzi wako porini, kando ya mto. Denys, aliyeigizwa na Robert Redford, ammiminia Karen maji kichwani kwa jagi huku akighani shairi la Coleridge la baharia mzee. Kila kitu kimepangwa ili ionekane kwamba hapo hapana ila watu wawili na mapenzi yao. Lakini safari za namna hiyo zilikuwa na wapagazi, mpishi na boi wa hema, na mtu ambaye babu yake alimchotea bwana maji hana budi kuuliza: jagi hilo limejazwa na nani? Swali likishaulizwa, onyesho limeharibika. Shairi laendelea, uso wa Meryl Streep waendelea kung'aa, na watazamaji wanamtafuta mchota maji pembezoni mwa picha. Mcheko hautokani na kitendo chenyewe, kwani kuoshana nywele ni jambo la huba popote. Watokana na juhudi ya filamu kumficha mtu ambaye kila mmoja anajua kwamba yupo.

Nywele, inaelekea, ni maradhi ya filamu za aina hii. Katika King Solomon's Mines ya mwaka 1950, Deborah Kerr azikata nywele zake kwa mkasi katikati ya safari, kisha zatokea zimekaa sawasawa kama za mtu aliyetoka kwa msusi wa mjini. Hilo ni kosa dogo, la kuchekwa na yeyote. La Pollack ni zito zaidi kwa sababu limefanywa kwa ustadi.

Lugha nayo ina sehemu yake. Kiswahili kinachotamkwa na wahusika wazungu ni vipande vya amri. Hakikuwekwa ili kibebe maana. Kiko pale kama milio ya ndege, kuonyesha tu kwamba hapa ni Afrika. Pasipo kukusudia, filamu imesema kweli: hicho ndicho Kisetla, lugha ya mashambani iliyoachana na upatanisho wa ngeli ikabakiza "leta" na "ngoja". Watu wenye ufasaha wa kughaniana mashairi, wakimgeukia mtumishi, huwa kama watoto wanaojifunza kusema. Mbele ya hadhira inayokijua Kiswahili, shujaa wa mahaba amekwisha kuwa mchekeshaji.

Haifai kuzidisha. Ndege ndogo ipitapo juu ya ziwa lililojaa heroe, pasipo neno ila muziki wa John Barry, hakuna wa kucheka. Hapo hapana mtumishi wa kufichwa.

Onyesho la kuagana ndilo gumu kuliko yote. Karen amtaka Farah, msimamizi wake Msomali aliyeigizwa na Malick Bowens wa Mali, amtamke kwa jina lake. Farah alitamka jina, na papo hapo akalifuatishia lile "Msabu" la miaka yote. Mcheko huja kwa kuwa ombi la usawa limejibiwa kwa cheo. Neno hilo ni memsahib ya Uhindini iliyofupishwa midomoni mwa watumishi, na sahib iliyomo ndani yake ni ile ile ya Kiarabu iliyozaa "sahibu" ya pwani, yaani rafiki wa moyoni. Haielekei kwamba waliotunga mazungumzo hayo walilifikiria hilo. Bowens alitamka bila kutabasamu, na katika kibanda kile kile wapo wasiocheka.