Lenzi ya Kichochoroni

Mpigapicha anayeingia Mji Mkongwe na lenzi ya milimita 50 hukwama kwenye mlango wa kwanza. Mgongo umeshagusa ukuta wa nyumba ya pili, kamera imesimamishwa wima, na bado nakshi za juu zimekatika. Hesabu yake ni nyepesi. Kwenye kamera ya fulufremu, yaani yenye kihisi cha milimita 36 kwa 24, lenzi ya 50 ikiwa umbali wa mita tatu huona kimo cha mita mbili na kidogo tu. Ya 35 huona mita tatu, ya 28 hukaribia nne. Mlango mkubwa wa Shangani au Kiponda, pamoja na miimo yake, hauenei ndani ya mita mbili. Hapo ubora wa kioo haujaulizwa; lenzi imeshindwa kwa upana.

Kwa hiyo anayetafuta lenzi ndogo isiyo na zumu kwa ajili ya mitaa ya Unguja aanze na kichochoro, kisha ndipo aende dukani. Gizenga na Sokomuhogo zinadai 28 au 35. Ya 28 inaingiza mlango, baraza na aliyeketi juu yake, ila ina ada mbaya: uso ukiwekwa pembeni mwa fremu huvutika, na kamera ikielekezwa juu kidogo tu kuta za pande mbili zinaanza kuangukiana. Ya 35 ni pole zaidi kwa watu. Ya 50 haina kosa, basi tu ina mahali pake: Forodhani, Darajani, ufukweni Malindi, penye nafasi ya kurudi nyuma hatua mbili tatu.

Namba hizo ni za fulufremu. Kwenye Fujifilm zenye kihisi kidogo zaidi, lenzi ya 23 ndiyo inayoona kama 35. Kwenye Canon zenye kihisi kidogo, ile bapa ya EF-S 24 f/2.8 huona kama 38. Kwenye Olympus na Panasonic, ya 17 ni kama 34. Wengi hununua 50 f/1.8 kwa sababu ni rahisi na inasifiwa, wakaifunga kwenye Canon ya kihisi kidogo, ikawa sawa na 80. Hiyo ni lenzi ya harusi.

Ugonjwa wa pili ni namba ya tundu. Muuzaji huanza na f/1.4, na mnunuzi huona anapata mwanga zaidi kwa pesa yake. Lakini Mji Mkongwe mchana hauna njaa ya mwanga. Hata kichochoro chenye kivuli kizito, kwa ISO 800 na shata ya 1/250, kwa kawaida hupigika kwa f/5.6. Na huko f/5.6 au f/8 ndiko mtaa unakotaka lenzi ifanye kazi. Lenzi ya 35 iliyofungwa kwenye f/8 na kuelekezwa mita mbili na nusu inashika kila kitu kuanzia takriban mita 1.7 hadi 5, bila kamera kuhangaika kutafuta fokasi. Mwenye baiskeli anapochomoza konani, mpigapicha anabonyeza tu.

Hapo lenzi nyingi za kisasa za bei nafuu zinaangusha. Canon EF 40 f/2.8 ya mwaka 2012 ni kioo kizuri cha gramu 130, chembamba kama biskuti, lakini haina kipimo cha umbali kilichoandikwa juu yake, na pete yake ya fokasi huiamuru mota tu, haisogezi vioo moja kwa moja. Nikkor za zamani za mkono, kama 28 f/2.8 ya AI-s, zina mita zilizochongwa kwenye pete na mistari ya kuonyesha kina cha fokasi. Voigtländer na Leica za mkono ni hivyohivyo. Anayepiga kwa kukadiria umbali atapendelea lenzi kuukuu yenye mistari hiyo kuliko mpya isiyo nayo, na hatakuwa amekosea.

Ukubwa nao ni sehemu ya ubora. Sigma 35 f/1.4 Art ina gramu 665. Canon RF 28 f/2.8 ina 120, na Fujifilm XF 27 f/2.8 ya mwaka 2021 ina 84 tu. Tofauti hiyo haipo shingoni peke yake. Wazee wanaokunywa kahawa Jaws Corner wanaitambua kamera nzito toka mbali, na mazungumzo hubadilika kabla mwenye nayo hajafika. Lenzi ndogo haimwondolei mtu wajibu wa kutoa salamu na kuomba ruhusa, hasa kwa kina mama na mbele ya misikiti. Inamlazimisha asogee, na akishasogea salamu haikwepeki. Lenzi ndefu inayoiba picha toka ng'ambo ya mtaa ni adabu mbovu kuliko zote.

Anayetaka kujifunza umbali wa kumsogelea mtu atazame picha za Capital Art Studio ya Barabara ya Kenyatta, studio iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 na kuendelezwa na mwanawe Rohit. Atazame hasa mapengo: mtu ameachiwa hewa kiasi gani, ukuta umeingia wapi.

Sasa kioo chenyewe. Hakuna karatasi ya majaribio inayoushinda mlango wa Kizanzibari wenye misumari ya shaba. Subiri jua liupige kwa upande, kamera iwe sambamba na mbao, fungua tundu lote, upige. Kisha kuza picha kwenye kioo cha kamera na uangalie msumari mmoja. Pale shaba inapong'aa hadi kuwa nyeupe, lenzi dhaifu huacha ukingo wa zambarau au kijani. Hamia misumari ya kona nne. Kona zote zikiwa laini kidogo kwa usawa, si neno, ikifika f/5.6 zitakaza. Kona moja ikiwa na ukungu na nyingine tatu kali, vioo vya ndani vimekaa upande, pengine lenzi ilianguka, na hakuna tundu litakaloiponya. Rudia jaribio kabla ya kuhukumu, maana kamera iliyosimama mshazari huleta dosari inayofanana na hiyo.

Jaribio la pili ni ule mkanda wa mbingu kati ya mapaa. Kuta za chokaa zinarudisha mwanga, chini kuna giza, juu kunawaka. Lenzi yenye utando duni wa kuzuia mng'ao hufifisha picha nzima ikawa ya kijivu. Iliyo nzuri inaacha weusi wa mfaa ukabaki weusi. Usiku taa za Forodhani zinamaliza usaili: Canon 50 f/1.8 ya mwaka 1990, yenye mabapa matano ya tundu, ikifungwa kidogo hugeuza balbu za nyuma kuwa pembetano, na ya 2015 yenye mabapa saba huziacha karibu na duara. Pale ndipo f/1.8 inapolipa gharama yake.

Kwa lenzi zilizokwisha tumika, adui wa kisiwani ni kuvu. Unyevu na joto la pwani vinailea, na msimu wa masika ndio karamu yake. Ifungue lenzi tundu lote, washa tochi ya simu nyuma yake na utazame kwa mshazari toka mbele. Vumbi kidogo halidhuru. Nyuzi nyembamba zinazotambaa toka ukingoni ndiyo kuvu. Hata fundi akiisafisha, utando iliokwisha kuula haurudi. Angalia pia mabapa ya tundu yasiwe na mafuta, na pete ya fokasi isikwaruze kwa chumvi. Nyumbani ihifadhiwe kwenye kopo lisiloingiza hewa pamoja na vifuko vya silika. Wanaofukia kamera kwenye mchele wanaitia vumbi la wanga. Mchele ubakie wa pilau.