Nyumba Njema si Mlango: Uwanja katika Majumba ya Ghorofa

Wahenga walisema kuwa nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Hata hivyo, uhakiki wa majengo katika nchi yetu mara nyingi huishia mlangoni. Ghorofa huhesabiwa, vioo na marumaru husifiwa, gharama hutajwa, kisha jengo huzinduliwa. Ni nadra mtu kuuliza habari za ile sehemu ya kiwanja isiyojengwa kitu: ua, uwanja, kivuli, mahali pa watu kukutana. Madhumuni ya makala haya ni kuihakiki sehemu hiyo, kwa sababu utamaduni wetu wa mijini umelelewa humo zaidi kuliko vyumbani.

Yafaa tuanze na nyumba ya Kiswahili, kama ilivyojengwa Kariakoo, Ilala na Magomeni. Kwa kawaida ilikuwa na vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi mwembamba. Mbele palikuwa na baraza, na nyuma palikuwa na ua. Uani watu walipika, walifua, walianika na kusukana nywele. Jioni watoto walitegeana vitendawili na kusimuliwa ngano, na mtoto wa mpangaji mmoja alikanywa na mpangaji mwingine bila ya mzazi kuona ameingiliwa. Baraza nayo ilikuwa ya mtaa mzima: palichezwa bao, palinyweka kahawa, pakazungumzwa siasa. Mpangaji wa chumba kimoja, hata kama hakuwa na mali nyingine, alikuwa na fungu lake katika ua na baraza.

Tusiisifu nyumba hiyo kupita kiasi. Familia sita zilitumia choo kimoja, moshi uliwaumiza macho wapishi, na kamba ya kuanikia ilizua magomvi. Mzigo wa ua ulikuwa mabegani mwa wanawake. Kwa hiyo wananchi waliotamani nyumba ya ghorofa yenye maji na jiko la ndani hawakuusaliti utamaduni. Walitafuta nafuu, na walikuwa na haki. Swali ni jingine: je, walipopewa vyumba bora, walipewa nini badala ya ua?

Mfano mkubwa ni Michenzani, Unguja. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, Serikali ya Mzee Abeid Amani Karume iliamua kuwa wakazi wa Ng'ambo, waliodharauliwa kwa muda mrefu na wenye majumba ya Mji Mkongwe, wapate makazi ya kisasa. Kwa msaada wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Ujerumani, yakajengwa majumba marefu yaliyopangwa kufuata barabara mbili pana zinazokatana. Nia ilikuwa njema, na heshima waliyoipata wanyonge haifutiki. Tena nafasi ya wazi haikukosekana, ilikuwa tele. Lakini mhakiki hana budi kutofautisha upana na ua. Nafasi ile ilipimwa kwa jicho la mtu aliye mbali, anayetazama mstari wa majengo. Mama aliye ghorofa ya juu haifikii kwa sauti yake, wala hawezi kupika huku akimwangalia mtoto achezaye chini. Ndiyo maana wakazi walianza kuiumba upya wenyewe, wakajitafutia vivuli na mahali pa kuketi chini ya majumba yao, kana kwamba wanaidai baraza yao.

Nafasi ya wazi haina maana moja tu. Mnazi Mmoja ya Dar es Salaam ilikuwa wazi wakati wa ukoloni ili kuwatenga Waafrika wa Kariakoo na wakazi wa upande wa pili. Uwazi wenyewe ulikuwa ukuta. Hata hivyo, katika miaka ya 1950 watu walikusanyika hapo katika mikutano ya TANU, na ardhi iliyotengwa ili kuwagawa ikawa mahali pa kuwaunganisha. Hapa tunajifunza kuwa kiwanja kinapewa maana na wanaokitumia, mradi kiwepo. Kikishajengwa, hakuna wa kukipa maana yoyote.

Na leo hatari ndiyo hiyo. Katika Kariakoo na Upanga, bei ya ardhi imefanya kila hatua ya kiwanja ihesabiwe kama hasara isipojengwa. Ghorofa ya chini huwa maduka, na kipande kinachobaki huwa cha kuegesha magari. Kwenye ramani kipande hicho huonekana kuwa hakikujengwa, na huenda kweli kikatosheleza kanuni. Lakini je, ni uwanja? Niliwahi kuhudhuria msiba katika jengo la namna hiyo. Jeneza liliteremshwa kwa taabu katika ngazi nyembamba; waombolezaji waliketi katikati ya magari, na wengine wakasimama barabarani. Hakuna aliyekosa utu mahali pale. Kilichokosekana ni mahali pa kuuweka utu huo.

Sheria si kwamba hazipo. Kanuni za mipangomiji zinaweka mpaka wa sehemu ya kiwanja inayoruhusiwa kujengwa, na sheria ya mwaka 2008 kuhusu umiliki wa sehemu za majengo inatambua kuwa, pamoja na nyumba ya kila mmoja, ipo mali ya pamoja. Kasoro iko katika kipimo. Kanuni hupima mita. Utamaduni hupima matumizi. Tulipounda vijiji, Sheria ya mwaka 1975 ilitaka kijiji kiwe na kaya zisizopungua 250, na hakuna aliyefikiri kuwa kijiji chaweza kukosa mahali pa mkutano. Majumba ya Magomeni Kota, yaliyozinduliwa mwaka 2022, yalijengwa kwa ajili ya kaya 644. Hivyo ni vijiji viwili na zaidi, vimewekwa juu kwa juu. Kila mradi wa ukubwa huo unastahili kuhakikiwa kama kijiji.

Napendekeza basi vipimo vitatu. Kwanza, je, mtoto wa miaka sita aweza kucheza chini, mbali na magari, huku mzazi akimwona? Pili, ukitokea msiba au harusi, turubai litasimama wapi? Tatu, je, mzee asiye na fedha ya kununua chochote ana kivuli na mahali pa kuketi pamoja na wenzake? Jengo lisilojibu maswali haya ni ghala la watu, hata kama marumaru yake yanang'aa.

Walimu wanaweza kuyapeleka maswali haya darasani, na wanafunzi wakayapeleka mitaani kwao wakiwa na kamba ya kupimia na daftari. Wawaulize wazee mahali walipochezea, kisha waangalie kama pangalipo. Taifa linalofundisha michezo ya watoto, ngano na ngoma vitabuni, na papo hapo kuziba kila ua ambamo mambo hayo hufanyika, linatunza maganda na kutupa kokwa. Ghorofa tuzijenge, maana miji yetu inazihitaji. Lakini kabla ya kuweka jiwe la msingi, tuonyeshwe kwanza ua uko wapi.