Katika Kumsifu Mfasiri wa Bidhaa

Miongoni mwa kazi za kalamu, ni chache zinazosomwa kwa haraka kama tangazo la bidhaa mtandaoni, yaani jina la kitu, picha zake, vipimo, bei na aya mbili tatu za maelezo, ambazo muuzaji huziweka ili mnunuzi wa ng'ambo aagize kitu asichoweza kukishika wala kukinusa. Mtu anayelipwa kuyahamisha maelezo hayo kutoka lugha ya muuzaji, ambayo wanazuoni huiita lugha chanzi, kwenda lugha ya mnunuzi, yaani lugha lengwa, hatajwi popote katika tangazo, na wateja wake wengi humhesabu pamoja na gharama za kufungasha mzigo. Hata hivyo, ufundi wake unastahili heshima ya pekee, kwa sababu ni tafsiri ambayo usahihi wake huthibitishwa na mzigo wenyewe: kifurushi kikifunguliwa, kilichomo ama kinakubaliana na maneno ama kinayasuta.

Mkoa wa Mara, nchini Tanzania, una kila sababu ya kuwa kitalu cha ufundi huu. Musoma, Bunda na Butiama, katika eneo lisilo pana sana, hukutanisha wasemaji wa Kijita, Kikwaya, Kizanaki, Kiikizu, Kikurya na lugha nyingine kadhaa, hivi kwamba anayefika gulioni huzoea tangu utotoni kupima neno kwa sikio la mwenzake kabla ya kutaja bei. Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, alikua akisema Kizanaki, akasoma shule ya Mwisenge mjini Musoma, na baadaye akafasiri tamthilia mbili za Shakespeare kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili, lugha ambazo zote mbili alijifunza baada ya ile ya nyumbani. Tafsiri yake ya *Julius Caesar* ilichapishwa mwaka 1963, na mwaka 1969, ilipotoka tafsiri ya ile tamthilia ya pili, *Mabepari wa Venisi*, aliitoa upya ile ya kwanza ikiwa imesahihishwa, kwa jina la *Juliasi Kaizari*. Rais aliyeona hana budi kuirudia kazi iliyokwisha kuchapishwa aliwaachia wafasiri wa matangazo ya vikapu na dagaa fundisho linalowahusu moja kwa moja, kwamba tafsiri haiishi siku ya kukabidhiwa, na kwamba mwenye jina kubwa na asiye na jina hupimwa kwa kipimo kimoja.

Ugumu wa kazi huonekana mapema katika majina, na mfano ulio karibu zaidi unatoka Ziwa Viktoria. Samaki anayeitwa sangara Musoma huitwa mbuta upande wa Kenya na mputa Uganda; Wafaransa humwita *perche du Nil*, Wajerumani humwita *Viktoriabarsch*, na wataalamu wa viumbe kote duniani humwandika *Lates niloticus*. Mfasiri hana uhuru wa kuchagua lile linalopendeza, kwa kuwa kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2013 kuhusu soko la mazao ya uvuvi inataka mlaji apewe jina la kibiashara pamoja na jina la kisayansi, na kila nchi mwanachama ina orodha yake ya majina yanayokubalika. Mabondo, yaani vifuko vya hewa vya sangara vilivyokaushwa, ambavyo soko lake kuu liko China na Hong Kong, yanadai uangalifu wa namna nyingine, kwa sababu mnunuzi huko hukadiria bei kwa ukubwa, unene na ukavu, na kivumishi kimoja kilicholegea kinaweza kuhamisha mzigo mzima kutoka daraja moja kwenda jingine.

Baada ya majina huja vipimo, rangi na saa, mambo ambayo msemaji wa lugha huyachukulia kuwa hayahitaji maelezo. Sentimita zinapopelekwa Marekani hazina budi kufuatana na inchi. Rangi ambazo Kiswahili huzitaja kwa vitu, kama damu ya mzee na maji ya kunde, haziwezi kuhamishwa neno kwa neno bila kumtisha au kumchekesha msomaji, hivyo mfasiri huitazama bidhaa yenyewe kwenye mwanga wa mchana, kisha hutafuta jinsi rangi hiyo inavyoitwa na watu wa upande wa pili. Hatari iliyojificha zaidi imo katika matangazo ya malazi na safari, kwa mfano za kutoka Bunda kuingia Hifadhi ya Serengeti kwa lango la Ndabaka, lililo kando ya barabara kuu ya Mwanza na Musoma, au za kutembelea makumbusho ya Mwalimu Nyerere huko Butiama. Safari inayoanza saa kumi na mbili asubuhi, ikiandikwa saa 12 badala ya saa 6, humkuta mgeni bado kitandani huku gari likimngoja, na kosa hilo halitokani na kutojua Kiingereza bali na kusahau kwamba watu hawahesabu saa kwa namna moja.

Maneno ya utafutaji, yaani yale ambayo mnunuzi huyaandika ili mtandao umletee bidhaa, nayo ni mtihani wa uaminifu. Mwanamke wa Bunda aliyesuka kikapu hukitaja kwa jinsi kilivyosukwa, ilhali mnunuzi wa Ulaya hutafuta chombo cha kuwekea mkate au nguo chafu. Mfasiri mwema huyajua matumizi hayo na kuyaandika, lakini hukataa kuongeza kwamba kikapu kimesukwa kwa mkono pale anapojua kimetoka kiwandani, hata kama maneno hayo yangeleta wateja wengi zaidi.

Programu za kompyuta siku hizi hufasiri tangazo kwa sekunde chache, na si haki kuzibeza, kwa maana humwondolea fundi mzigo wa kuandika rasimu ya kwanza. Jambo ambalo programu hizo hazilifanyi kwa kawaida ni kumpigia muuzaji simu kumuuliza kama uzi ni pamba au mchanganyiko, kama kipimo kilichotajwa ni cha mdomo wa kikapu au cha kitako, na kama dagaa walianikwa juu ya chanja au mchangani. Kiwango cha kimataifa cha huduma za tafsiri, ISO 17100 cha mwaka 2015, kinataka kila tafsiri ipitiwe na mtu wa pili anayelinganisha matini mbili bega kwa bega, na masharti hayo yanakiri kwamba jicho moja halijitoshi.

Kutokana na hayo, desturi ya kumlipa mfasiri kwa idadi ya maneno haina budi kutazamwa upya, kwa kuwa tangazo la maneno 80 linaweza kugharimu saa nzima ya maswali na nusu saa ya mapitio, kazi ambazo haziachi neno hata moja kwenye ukurasa. Muuzaji wa Musoma anayekubali kulipia maswali na mapitio hayo kando hamfanyii mfasiri hisani, bali anajinunulia mteja ambaye, baada ya kupokea mzigo uliofanana na maneno, hatakuwa na sababu ya kuurudisha, wala hatasita kuagiza tena.