Biti Kali Kwenye Gari la Mwizi

Filamu ya Black Panther: Busan, usiku, risasi zinalia, na jambazi Klaue anamfokea dereva wake afungulie muziki, kwani humo garini kuna msiba? Hapo ndipo wimbo wa "Opps" unapoingia, na hapo ndipo mwongozaji Ryan Coogler alipoitupa kazi ya rapa Kendrick Lamar. Nalisema mapema tusizungushane: albamu ya Black Panther ya 2018 ni kubwa kuliko kiti ilichopewa ndani ya filamu yake yenyewe.

Albamu ina nyimbo 14. Kendrick na bosi wake wa wakati huo, Anthony "Top Dawg" Tiffith, ndio walioisimamia, na mkono wa prodyuza Sounwave unausikia kwenye midundo tangu mwanzo. Kwenye filamu zimepenya tatu tu. "Pray for Me" inawasindikiza steringi T'Challa na wenzake kuingia kasino. "All the Stars" inakuja mwishoni, majina yanapanda, watu wameshanyanyuka kwenye mabenchi wanatafuta ndala zao. Kwa hiyo palipotakiwa rap ifanye kazi ya rap, yaani kwenye kukimbizana na kupigana, tulikuwa na wimbo mmoja, na wimbo huo ukawekwa kwenye redio ya adui.

Tulitazame vizuri jambo hili, maana wengi walilipita. Muziki unaotoka ndani ya gari la mhusika ni mali ya mhusika huyo. Mtazamaji anaupokea kama ladha yake, kama shati lake. Steringi yuko juu ya paa la gari jingine, dada yake Shuri analiendesha kwa mbali kutoka Wakanda, Okoye na Nakia wako kwenye lao. Wote hao wanapigiwa ngoma na okestra za mtunzi Ludwig Göransson. Rap amepewa nani? Klaue, Mzungu mwizi wa vibranium, madini ya Wakanda. Eti wimbo uliochanwa na vijana weusi wa Marekani, wakamwalika na binti wa Afrika Kusini, ndio kiburudisho cha jambazi anayewaibia Waafrika! Kama ilikuwa kejeli, haikuendelezwa hata hatua moja. Sekunde chache tu, injini na vyuma vikaumeza.

Na kilichomezwa si kidogo. Sikiliza besi ya "Opps" kwenye albamu: imebanwa, kavu, haina mapambo, imeachiwa nafasi makusudi ili sauti isimame. Vince Staples anaingia kwa ubaridi wake ule. Kisha Yugen Blakrok, ndiye binti huyo wa Afrika Kusini, anachana mistari ambayo, kwangu mimi, ndiyo bora kwenye albamu nzima, Kendrick akiwemo. Kwenye filamu huipati. Kwenye vibanda vyetu vya video, Endabash mpaka Karatu mjini, spika ni moja na sauti ya mtafsiri iko juu yake. Kinachobaki ni mtetemo wa bati. Mtafsiri aliyekulia kwenye kaseti za Lufufu, mkongwe wa kutafsiri filamu, anajua wakati wa kunyamaza. Waliochanganya sauti Hollywood, na mitambo yote ile, hawakujua.

Jinsi inavyofanywa tulishaonyeshwa. Filamu ya Ghost Dog, 1999: Forest Whitaker anaiba gari, anatumbukiza CD yake, na midundo ya RZA inatembea naye barabarani polepole. Ni redio ya gari vilevile, gari la wizi vilevile, lakini muziki ni wa steringi na kamera inausubiri. Nyuma zaidi, Curtis Mayfield kwenye Super Fly ya 1972 alisimama na bendi yake mbele ya kamera, akaimba mambo yanayomsuta mhusika mkuu wa filamu hiyohiyo. Hao walijua albamu ya filamu ni shahidi, si pazia.

Halafu kuna kidonda changu cha siku zote. Wakanda ya sinema imewekwa upande wetu, Afrika Mashariki. Lugha yake ni Kixhosa, kwa sababu mwigizaji John Kani alikileta tangu Captain America: Civil War. Sawa. Albamu ikafuata njia ya kusini: Sjava na Babes Wodumo wakaimba Kizulu, na Blakrok, mzaliwa wa Eastern Cape, kwenye Waxhosa wenyewe, akachana Kiingereza! Wetu hakuitwa hata mmoja. Mwaka uliofuata Beyoncé akarudia yaleyale kwenye The Lion King: The Gift. Ni tabia ya zamani: filamu ya Hatari! ya 1962 ilichukua mandhari yetu na neno letu, muziki akapewa Henry Mancini.

Wala wasiseme hakukuwa na mfano. Kundi la X Plastaz wa Arusha walitoa albamu ya Maasai Hip Hop mwaka 2004. Merege anaimba Kimaasai, na biti ndiyo inayomfuata yeye. Gsann na marehemu Faza Nelly wanachana juu yake bila kumfunika. Hata hapa kwa Wairaqw, mzee akitoa slufay, yaani maombi ya kishairi, anaongoza na wenzake wanaitikia. Prodyuza mwenye masikio angepata kiitikio cha vita hapo bila kukodi okestra.

Göransson alifanya kazi yake sawasawa: alikwenda Senegal, akarudi na sauti ya Baaba Maal na ngoma ya Massamba Diop, na Oscar ya 2019 aliistahili.

Lakini ukitaka kuisikia "Opps", zima filamu. Anza na X Plastaz, ikiisha weka albamu ya Kendrick, uisikilize kwa hedifoni. Klaue mwache huko huko Busan.